Alama ya Jibu Bora

Jumanne

Alama kampa mzee! Mama Neema wa Chanika, mgeni kwenye jukwaa letu la wafugaji mtandaoni. Mie ndiye niliyemfundisha kuuliza pale. Leo nikamwambia aweke alama kwenye jibu lililomsaidia. Kaiweka kwa mzee aliyesema vifaranga wanaoharisha wapewe maji ya majivu.

Nikampigia. "Si ulitumia dawa niliyokuandikia mie?"

"Ndiyo, na wamepona. Ila mdogo wangu, yule mtu mzima. Nitamrukaje?"

Kesho mwingine atasoma pale, na vifaranga wake watakufa.

Wageni huwa nawaambia, jibu likikosewa lisahihishwe hadharani. Nikafungua la mzee, nikaandika, "Shikamoo mzee." Nikashindwa kuendelea. Nikatuma hivyo hivyo.

Amejibu marahaba.