Jina Tulilowaazima Wafalme

Jumapili, 27 Oktoba 1793

Eti kwa kalenda mpya ya Jamhuri hakuna tena Jumapili! Basi yangu naiandika humu.

Mpiga ngoma katangaza: ole wake atakayetaja Bourbon, jina la mji wetu. Mkoa wetu sasa ni Allier, kama mto wake. Bourbon ni jina la wafalme, na mfalme keshakatwa kichwa.

Baba mdogo Mayeul, anayeogesha wagonjwa kwenye chemchemi ya maji moto, alikuja dukani kwangu kuchukua mkate. Akacheka mpaka akakohoa. "Wajinga hawa! Si binti wa hapa kwetu aliolewa na mtoto wa mfalme? Wazao wao wakashika jina la kwao mama. Bourbon ni letu, Gilberte, wafalme waliazima tu!"

Nami nikacheka. Nilicheka sana.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimekwenda kwenye kamati ya mapinduzi kuomba cheti cha raia mwema. Bila hicho duka linafungwa. Mwenyekiti ni Pourçain, yule muuza nyama. Akauliza nani bado analitaja lile jina dukani kwangu. Hakuna, nikasema. Akatabasamu. "Raia Gilberte, kesho mkate utauoka wewe au mwingine?"

Nikamtaja baba mdogo. Aliyenilea! Cheti ninacho.

Jumatano, 30 Oktoba

Wamemchukua, taulo bado begani. Mkate wote leo umeungua.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimempelekea supu ya kabichi gerezani. Kainywa yote, mimi machozi tu.

"Usilie, mwanangu. Aliyenichongea simjui. Mungu amsamehe, labda ana watoto wa kulisha."

Sina mtoto hata mmoja mimi!

Kesho anahukumiwa. Kaniomba niwe shahidi wake: niseme sijamsikia akilitaja. "Wewe watakuamini, una cheti." Nikaitikia. Ningesema nini?

Ijumaa, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kengele za kanisa hakuna, zimeyeyushwa ziwe mizinga. Kamati imeketi ng'ambo ya barabara, milango wazi.

Nikisema nilimsikia, ni gilotini. Nikikana, Pourçain atatoboa mbele ya watu nilichomwambia Jumanne – na baba mdogo amekaa pale pale, ananitazama. Mungu wangu, nimefanya nini!

Wananiita. Raia Gilberte! Nimevaa viatu, nimevua, nimevaa tena.

Wameita mara ya pili. Namsikia baba mdogo akiwaambia, "Mngojeni kidogo. Huyu hawezi kuniacha."