Silinda Tatu na Mlima wa Hospitali

Wanangu,

Chai imo kwenye chupa. ~~Nitarudi jioni.~~ Msinisubiri kula.

Asubuhi mlipokwenda kumtazama mama yenu hospitali mliniambia, "Baba, wewe baki, tukijaa watano gari halipandi mlima." Nilipinga gari langu kuuzwa, mkanishinda kwa kura, sijasahau mkono wa nani ulitangulia kunyooshwa. Lile lilikuwa na silinda sita kwenye mstari mmoja, kila moja ikituliza mtikisiko wa mwenzake. Mlima lilipanda huku mama yenu amesinzia. Hilo lenu la silinda tatu linatetemeka hata likiwa limesimama.

Nimechoka kubishana na saa ya ukutani. Naenda hospitali kwa miguu. Msinifuate: mkisimama mlimani kunipakia, haliondoki tena.

Baba yenu