Cheti Kilichotoka Kwanza

Jumatatu, 14 Julai 2025
Programu imeanza kazi. Kila mpaka wa shamba uliokubaliwa kijijini Kitaya unapelekwa kwenye blokucheni, daftari la kidijitali lisilofutika, kama mkataba mahiri, yaani mkataba ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta, nao unapewa anwani ambayo hakuna mjumbe wala shemeji awezaye kuifuta. Leo mikataba kumi na miwili, kila mmoja na cheti chake cha karatasi. Wa kwanza ni wa Bi Mariamu, mjane anayevutana na shemeji yake Abeid juu ya safu tatu za mikorosho. Baraza la kata litakaa Jumamosi. Nimejipongeza kwa soda.

Jumatano, 16 Julai
Beatrice wa masjala analalamika: Jumatatu kila cheti kilichapwa mara mbili. Nikamweleza, kwa upole wa makusudi, kwamba mashine hutii kilichoandikwa. Hakuuliza kimeandikwa na nani. Ana adabu.

Alhamisi, 17 Julai
Nimesoma upya mistari yangu ya programu. Aibu! Maktaba ya programu niliyoitumia, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine, ni ya zamani: kwa mkataba mmoja hurudisha taarifa mbili. Ya kwanza husema ombi limepokelewa — anwani tupu. Ya pili huja mkataba ukishathibitishwa kwenye blokucheni, na anwani kamili. Nami niliagiza cheti kichapwe kila taarifa irudipo, bila kuuliza kama anwani ipo. Sharti moja tu! Shahada mbili ukutani, na sharti moja limenipita.

Nimerekebisha, kisha nikateremka masjala. Beatrice alitenda kama masjala ilivyotenda tangu enzi za taipureta: karatasi inayotoka kwanza ni asili, inagongwa muhuri, anakabidhiwa mwenyewe, inayofuata ni nakala, inaingia jaladani. Kwa hiyo watu kumi na wawili wamerudi Kitaya na muhuri juu ya utupu. Ukweli umelala kabatini, umetobolewa matundu mawili.

Tugonge muhuri kwenye vya pili? Mkuu wa masjala amesafiri nao. Yuko Dodoma, kwenye semina ya mifumo ya kidijitali.

Jumamosi, 19 Julai — Kitaya
Naandika nikiwa benchi la nyuma, barazani. Asubuhi nilimletea Bi Mariamu cheti kamili, nikaomba anirudishie kile cha kwanza. Alivilinganisha kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hiki changu kina muhuri. Hicho chako kina nini?"

"Kina anwani ya mkataba, mama. Ndiyo inayolinda shamba."

"Abeid anauogopa muhuri. Hiyo anwani ataiogopa lini?"

Akakikunja chake, akaingia nacho barazani.

Kumbe Abeid haogopi muhuri. Ameomba cheti kisomwe kwa sauti, mstari kwa mstari. Mwenyekiti amevaa miwani. Jina. Kijiji. Safu tatu. Amefika kwenye anwani — nafasi tupu. Ameigeuza karatasi, ametazama nyuma yake, ameigeuza tena. Abeid anachezea kofia yake, mtulivu kama mgeni wa harusi.

Bi Mariamu hajageuka. Mkono wake tu umekuja nyuma ya mgongo, kiganja wazi, kuelekea benchi langu. Cheti kisicho na muhuri kimo mfukoni mwangu. Mwenyekiti anauliza kama mwenye mtambo huu yupo. Naweka kalamu —