Nyufa za Mwezi wa Jupita

Masaka, Uganda
25 Julai 1979

Mke wangu mpenzi Verediana,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima. Vita vimekwisha, ila tumebakizwa kulinda. Je, wewe, mama na mtoto wetu Eustakia hamjambo? Kahawa imeanikwa?

Nina habari ya ajabu. Chombo cha Wamarekani kimepita karibu na sayari ya Jupita, kikapiga picha mwezi wake mmoja. Wote ni barafu, umejaa nyufa. Wataalamu wanadhani maji hupanda kutoka chini kama volkeno, yakifika juu yanaganda. Gazeti la Kiingereza limeeleza yote. Niliitazama picha ile mpaka nikachelewa zamu.

Mumeo,
Alfonce

Bugarama, Ngara
19 Agosti 1979

Mume wangu,

Salamu zako zimefika. Hatujambo, isipokuwa Eustakia ana kikohozi. Mama yako anakusalimu.

Gazeti la Kiingereza, Alfonce? Tulisoma darasa moja pale misheni. Kiingereza chako kilikomea kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nani amekusomea? Mama anacheka, eti naonea wivu mwezi. Mwezi haunisumbui. Namwonea wivu aliyekaa karibu nawe akikuonyesha nyufa kwa kidole.

Nijibu: anakupendeza?

Mkeo,
Verediana

Masaka
30 Septemba 1979

Mke wangu,

Namshukuru Mungu mko salama. Kikohozi kimepoa?

Anayetusomea ni Mwalimu Benedicta, mjane. Tumepiga kambi shuleni kwake. Anawasomea askari wote, si mimi tu. Amesikia habari zako, akakushonea gomesi, vazi la wanawake wa huku. Askari mwenzangu Kazimili anakuja likizo, atakuletea. Mengine usiyawaze.

Mumeo,
Alfonce

Nyamahanga, Biharamulo
11 Novemba 1979

Mume wangu,

Natumaini u mzima. Mtoto amepona.

Gomesi limenikaa sawasawa, mabegani mpaka kiunoni. Kwa hiyo ulikaa ukamweleza mwili wangu. Nililia kwa hasira nikiwa nimelivaa.

Nilimwuliza padri habari za mwezi wenu, nikiomba iwe uongo, huyo Benedicta awe mwongo. Padri akasema ni kweli. Akasema hata wataalamu hawajaona maji yakiruka. Wameona nyufa, wakaamini chini kuna jambo. Basi na mimi zinanitosha nyufa. Swali langu hukulijibu.

Nimerudi kwa baba. Ukinitaka, njoo na pombe unichukue; baba akiionja, nitarudi, kama ilivyo desturi yetu.

Mkeo,
Verediana

Nyamahanga
6 Januari 1980

Mume wangu,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini hujambo.

Baba yako mdogo Ildefonce amefika na mtungi wa pombe ya ndizi. Alieleza kwamba umenyimwa likizo, ukamtuma yeye. Baba alikataa kuonja. Alisema, "Mke hachukuliwi na mtungi. Mwenyewe yuko wapi?" Mtungi ukabaki uani.

Niliutazama, nikamwaza Benedicta akisikia kwamba nyumba ya Alfonce kule Bugarama haina mwanamke. Moyo uliniwaka. Nikachukua mrija, nikanywa mbele ya baba. Mama yangu alijifunika uso kwa kanga. Hapa kwetu hajaonekana mwanamke wa kujinywea pombe ya kurudishwa kwake.

Kesho narudi Bugarama na mtoto. Sijakusamehe, usijidanganye. Ila mwambie Benedicta kwamba nimerudi kwangu. Umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kisha uniandikie uso wake ulivyokuwa.

Mkeo bado,
Verediana