Pole ya Kwetu, Pole ya Kwao

Al Rigga, Dubai

Salim wangu, mume wangu, pumzi yangu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, zikukute umeamka vizuri na kifua kimetulia. Kile kikohozi kimeisha? Na Mama, mguu wake unampa usingizi? Nijibu moja moja, usiniandikie "sote wazima" kama tangazo la redio. Nimeshika kalamu kwa sababu simu hainitoshi. Humu chumbani tunalala wanawake sita, na nikikuita laazizi tu, wenzangu watano wanakohoa kwa pamoja. Barua anakuletea Bi Zuhura, jirani yenu, anayerudi likizo. Usiifungue mbele yake, utaona haya.

Salim, bado siamini kuwa mimi ni mke wa mtu, na mtu mwenyewe ni wewe. Watalii wakiniuliza jina nawajibu "Mwanaidi, mke wa Salim," na wao walitaka viatu tu. Hina ya harusi imeshatoka viganjani, imebaki kwenye kucha, na kila zikikua naona wekundu unasogea mbele unaniacha. Basi sizikati. Madam wa kazini amenisema mara mbili.

Lakini leo moyo wangu mzito, na wa kumwambia ni wewe.

Kazi yangu ya viatu najua hukuielewa kwenye simu. Ndani ya jumba la maduka kuna uwanja wa barafu. Nje jua linayeyusha lami, ndani watu wamevaa makoti. Mimi nakodisha viatu vya kutelezea, vile vyenye chuma kama kisu chini yake, nawafunga watu kamba na kuwafungua. Mwenzangu ni Kato, kijana wa Uganda anayeendesha mashine ya kulainisha barafu. Ananiita Bi Harusi. Na kila asubuhi, kabla ya wateja, uwanja ulikuwa wa Liina peke yake.

Liina ni wa Estonia, nchi ndogo kule juu Ulaya ambako hata bahari huganda. Amenizidi umri kidogo tu. Alianza kuteleza akiwa mtoto mdogo, kwani baba yake alikuwa akimwaga maji uani wakati wa baridi, yakiganda usiku, asubuhi binti ana uwanja wake. Kutoka uani akaenda kwa mwalimu mjini, kutoka mjini akavaa rangi za nchi yake mbele ya watu wa Ulaya nzima. Halafu kifundo cha mguu kikaanza kumsumbua. Alipokuwa amelala na mguu umefungwa, msichana mdogo zaidi akachukua nafasi yake, na nchi yao ilikuwa na nafasi moja tu. Liina akaja huku kufundisha watoto wa matajiri apate riziki, asubuhi akijifua mwenyewe. Alitaka kurudi kuigombea nafasi ile kwa mara ya mwisho.

Ungemwona, Salim! Anaruka, anazunguka hewani mara tatu, anatua kwa mguu mmoja akirudi nyuma, kama vile ardhi imemkumbuka ikamnyanyukia. Siku ya kwanza kumwona nililia, nikatamani ungekuwa pembeni yangu unishike mkono.

Siku hiyo hiyo alianguka vibaya. Nikakimbilia ukingoni napiga kelele, "Pole! Pole sana, dada!" Akakaa pale pale kwenye barafu, akanikodolea macho.

"Hakuna nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nikadhani amepata kichwani. Nikazidi, "Pole, pole!"

"Hakuna, hakuna? Hakuna nini?"

Kato akazima mashine, anacheka mpaka anashika tumbo. "Bi Harusi, mwache! Mtu ameanguka halafu unamgombeza!"

Kumbe kwao wana neno hilo hilo, wanalitamka vile vile, "pole," na maana yake ni "si" au "hakuna." Nilimpa pole ya kwetu, yeye akasikia ya kwao. Alipoelewa alicheka sana, akalipenda. Tangu hapo kila akianguka alinitazama na kuniambia, "Sema!" Nasema, "Pole." Naye anainuka akijipangusa, "Umesikia? Hakuna. Hakuna maumivu, hakuna kuanguka. Yalla, tena!"

Kwa muda tulifurahi. Halafu nikaanza kuona. Mimi ndiye nilikuwa namvua viatu, na kifundo kilikuwa kikivimba kama embe. Daktari alikuwa amemwonya. Asubuhi moja alianguka, akasema, "Sema," nikanyamaza.

"Mwanaidi, sema."

"Dada, kwetu pole si hakuna. Kwetu pole ni nimekuona umeumia."

Akaniangalia kwa hasira, machozi yamemjaa machoni. "Basi ya kwenu kaa nayo. Niambie ya kwetu."

Nikamwambia ya kwao. Ningefanyaje? Aliinuka.

Wiki iliyopita mwalimu wake wa zamani alimtaka atume video ya mchezo wake wote, toka mwanzo hadi mwisho, ndipo aamue kama aende kwao kushindania nafasi. Kato akarekodi kwa simu yake, mimi nikashika muziki. Liina alivaa gauni la buluu. Mruko wa kwanza akatua. Wa pili akatua, Kato akanong'ona, "Mungu wangu, anakwenda huyu." Wa tatu akapaa vizuri kuliko yote. Aliposhuka, mguu ukapinda chini yake.

Muziki ukaendelea peke yake, nilisahau hata kuuzima. Hakuinuka wala hakusema "sema." Nikaingia barafuni na viatu vyangu vya kazi, jambo la kufukuzwa hilo, nikateleza, nikaanguka, nikaenda kwa magoti mpaka nikamfikia.

"Pole," nikamwambia.

Kisha akauliza taratibu, "Ya kwenu?"

"Ya kwetu."

Akaweka uso begani kwangu akalia, Salim, kilio cha mtu aliyefiwa. Baadaye akaniuliza, "Kwenu mtu akiambiwa hivyo, anajibu nini?"

"Anasema asante."

"Asante," akasema. Alilisema vizuri kabisa, kama mtu wa nyumbani.

Kiatu kilikataa kutoka kwa uvimbe. Nikachukua mkasi, akanishika mkono. "Usikate. Vimechukua miaka kufanana na miguu yangu." Tukakaa hivyo, mkasi katikati yetu, naye anakitazama kiatu. Halafu akaniachia mkono. "Kata." Nikakata kamba, nikakata na ngozi mpaka chini. Nimevua viatu vya watu wengi huku, lakini hicho nilikivua kama tunavyomvua nguo maiti.

Hospitali walisema atatembea. Kuruka, khalas, ndiyo basi tena. Alimpigia mwalimu wake mwenyewe na kumwambia ukweli wote bila kulia. Leo mchana ameondoka kwa mikongojo kurudi kwao. Alinikumbatia akaniambia, "Msalimie Salim wako." Anakujua vizuri, nilimchosha kwa habari zako.

Mume wangu, nimeona mtu akipoteza kitu alichokipenda tangu utotoni, na mimi ninacho changu, kiko mbali tu. Nikashukuru, na nikaona aibu kwa kushukuru.

Mpe Mama mkwe wangu salamu za heshima, mwambie dawa ya kuchua nitampelekea. Msalimie baba yangu mzazi, na wifi yangu Rukia, aache kuvaa kanga zangu. Shangazi Mwanamkuu aliyenipaka hina mbusu mikono yote miwili. Nawe, laazizi, lala upande wako, wangu uache wazi.

Nilikuwa nakaribia kuweka sahihi, nikaitwa chini, nimechukua tena kalamu. Kabla ya kuondoka, Liina alimwomba Kato ile video. Hakutaka imfikie mwalimu. Alitaka Kato aikate pale yeye akiwa hewani kwenye mruko wa tatu, amtumie baba yake. Baba hajui lolote, Liina alitaka kumweleza ana kwa ana. Kato akakata, akatuma kwa simu yake, Liina akapanda teksi.

Jibu limekuja sasa hivi, kwa lugha yao. Kato amepita hapa chini kunionyesha, tukaliweka kwenye tafsiri ya simu. Mzee ameandika: "Binti yangu yuko juu sana. Alitua salama?"

Tumemwachia Liina amjibu mwenyewe. Ndege inafika kwao kesho asubuhi, na mzee huyo ndiye anayekwenda kumpokea.

Mkeo anayekulilia,
Mwanaidi