Mashine Haikuniona Nikiosha Injini

Kabiria, Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ni miezi tisa tangu niondoke nyumbani.

Mjukuu wangu Nafula,

Hamjambo? Mgongo unauma, lakini ugali naumaliza. Umeuliza kama ununue koili, kile kifaa cha kutoa cheche za kuwasha injini, kwa sababu mashine ya kusoma hitilafu za injini imesema ya pikapu ni mbovu. Ngoja kwanza.

Mwezi wangu wa kwanza kazini Kitisuru, gari la Mama mwenye nyumba ninayofanyia kazi lilianza kutetemeka. Mashine yake ikataja koili. Alipoinua simu aagize mpya, niliogopa kufutwa kazi, lakini nikasema, "Mama, jana niliosha injini kwa mpira wa maji."

"Wee Mzee! Na sabuni?"

"Na brashi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tukakausha koili juani, gari likatulia. Mashine ilijua panapouma, haikujua nilichofanya mimi. Muulize baba yako, kwa upole, aligusa nini juzi kwenye injini ya pikapu.

Nitafika wiki moja kabla ya Krismasi.

Babu yako