Choo cha Mtoto

Jumatano, Karatu

Wala si kosa lake. Nilimwambia Mama Neema, "Lete choo cha mtoto." Mtoto yupi, sikusema! Nikakipima hapa maabara, sikuona minyoo, daktari akamwanzishia Neema dawa za saratani.

Leo jioni ndiyo ananiambia, kwa upole kabisa: "Dada, Neema hajapata choo tangu tutoke Rhotia. Nilileta cha mdogo wake. Si wanakula sahani moja?"

Dawa hizo zinashusha kinga ya Neema, na kama ana minyoo, itamwenea mwili mzima. Daktari amempa dawa ya minyoo, Neema ameitapika yote.

Nimemwachia mama yake kopo jipya la choo. Nimeandika NEEMA kwa herufi kubwa.

Nimetoka kazini kopo bado tupu.